Chupa Iliyopasuka: Historia Fupi ya Kuijaribu Mashine Inayojibu Arafa

Chukua arafa ya maneno mawili tu: "Chupa imepasuka." Mkunga yeyote hapa Kakamega, awe wa hospitali ya rufaa ya kaunti au yule wa kijijini kule Shinyalu, akiipata ataacha alichoshika na kuuliza mama yuko wapi na nani wa kumpeleka. Mashine iliyofunzwa Kiswahili kwa kusomeshwa kamusi na magazeti inaweza kumjibu mama huyo, kwa upole kabisa, kwamba vigae viokotwe kwa uangalifu watoto wasije wakajikata. Sarufi ya jibu hilo ni safi. Upatanisho wa ngeli umekaa sawasawa. Mwalimu wa shule ya msingi angelipa alama zote. Na mama angeendelea kuvuja maji ya uzazi akiwa nyumbani, labda usiku, labda mvua ya Kakamega inanyesha kama kawaida yake.

Katika ukumbi huu tumezoea kuulizana neno fulani limetoka wapi. Leo nataka tuulizane jambo jingine. Hizi mashine za kujibu ujumbe, ambazo benki, kampuni za simu na mashirika ya afya yanatuletea kila uchao, nani huzijaribu kabla hazijaanza kutujibu? Na huzijaribu kwa Kiswahili gani? Swali hili la pili ndilo linaloniwasha zaidi, maana ni swali la lugha, na mafundi wa kompyuta wameachiwa walijibu peke yao.

Kwanza istilahi, la sivyo tutapotezana njiani. Chatiboti ni programu ya kompyuta (wengine watasema tarakilishi, sitagombana nao) inayopokea maandishi ya mtu na kumjibu kana kwamba wanazungumza. Ndani yake kuna kipande kinachoupokea ujumbe, kikautazama, kikaamua unahusu nini, kisha kikauelekeza kwenye jibu. Wapo wanaokiita "kishughulikia ujumbe", neno refu kama gari moshi. Mimi napendekeza "mpokezi", kwa kuwa kazi yake ni ile ya mtu anayekaa mlangoni mwa ofisi: anakusikiliza, anaamua uende chumba gani. Jaribio la kiotomatiki nalo ni programu nyingine ndogo inayojifanya mteja. Inampa mpokezi ujumbe uliotungwa, inalitazama jibu lake, inalilinganisha na jibu lililotarajiwa, halafu inatangaza limepita au limeanguka. Ukiwa na majaribio elfu moja, unayaendesha yote kila mara fundi anapogusa mstari mmoja wa programu, na kabla hajamaliza chai yake ameshajua alichoharibu. Nasema "jaribio" badala ya "mtihani" kwa makusudi, ingawa yote mawili asili yake ni Kiarabu. Mtihani hufanywa mara moja ukapewa cheti. Jaribio hurudiwa.

Wazo lenyewe lina umri kuliko wengi wanavyodhani. Maurice Wilkes, aliyeongoza ujenzi wa kompyuta ya EDSAC pale Cambridge, alisimulia baadaye jinsi alivyong'amua mwaka wa 1949 kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyosalia ingetumika kutafuta makosa katika programu zake mwenyewe. Miaka 20 baada ya hapo, katika mkutano wa Roma wa 1969, Mholanzi Edsger Dijkstra akatoa onyo ambalo mafundi hulikariri hadi leo: jaribio linaweza kuonyesha kwamba kosa lipo, haliwezi kuthibitisha kwamba halipo. Kazi hiyo iliendelea kufanywa kwa mkono na kwa macho kwa muda mrefu, hadi zana za kuifanya kiotomatiki zilipoenea. Iliyovuma kuliko zote ni JUnit, iliyoandikwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka wa 1997 wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta. Tangu hapo mwanaprogramu anayejiheshimu huandika jaribio kabla ya programu au pamoja nayo. Asiyefanya hivyo hujua moyoni kwamba anakwepa.

Chatiboti nazo si za juzi. Joseph Weizenbaum, Myahudi aliyezaliwa Berlin na kuhamia Marekani na wazazi wake angali mvulana, alichapisha maelezo ya ELIZA mwezi Januari 1966 akiwa MIT. Jina alilichukua kwa Eliza Doolittle, muuza maua katika tamthilia ya George Bernard Shaw, ambaye anafundishwa kusema Kiingereza cha wenye nazo. Mpokezi wa ELIZA alikuwa mwepesi wa kueleweka. Alitafuta maneno makuu katika sentensi. Kila neno kuu lilikuwa na cheo chake, na lenye cheo cha juu lilishinda. Sentensi ikakatwa vipande, "yangu" ikageuzwa "yako", na vipande vikaunganishwa upya kama swali. Basi. Hakuna kilichoeleweka mle ndani. Hata hivyo katibu wa Weizenbaum, ambaye alimwona akiitengeneza, siku moja alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Watazamaji walisema mashine imefaulu. Weizenbaum aliona jambo la kutisha, na mwaka wa 1976 akatoa kitabu kizima cha kueleza hofu yake. Yeye na wao waliona tukio lilelile, lakini kila upande ulikuwa na jibu lake lililotarajiwa. Mjadala wote wa majaribio umekaa hapo, ukitaka kujua.

Sasa hebu tuifundishe ELIZA Kiswahili. Mtu anaandika: "Sikupendi." Katika Kiingereza viwakilishi husimama kila kimoja peke yake, unaweza kukinyanyua kimoja ukaweka kingine mahali pake. Kwetu kuna neno moja tu. Ndani yake mna si- ya nafsi na ukanushi, mna -ku- ya mtendwa, mna mzizi -pend-, na mna ile -i ya mwisho inayofungamana na ukanushi wa mwanzo. Ili irudishe swali, mashine lazima ilipasue neno hilo hadi kwenye mifupa, ibadilishe nafsi mbili kwa wakati mmoja, kisha ilifumbate tena: "Hunipendi?" Mtoto wa miaka minne huko Mombasa hufanya hivyo bila kufikiri. Mpokezi aliyebuniwa kwa Kiingereza hawezi hata kuanza.

Aliyelishika tatizo hili kwa uzito alikuwa Mfini, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Kuanzia mwaka wa 1985 alijenga kichanganuzi cha maneno ya Kiswahili kwa kutumia mofolojia ya ngazi mbili, nadharia ambayo mwenzake Kimmo Koskenniemi alikuwa ameitoa mwaka wa 1983. Kazi hiyo ilikua ikawa mfumo uitwao SALAMA. Namna ya kukijaribu kichanganuzi cha aina hiyo ni rahisi kueleza na ngumu kutenda: unakimwagia matini halisi, unakusanya maneno yaliyokishinda, unarekebisha kanuni, halafu unaiendesha matini yote upya uone kama kanuni mpya haikuvunja ya zamani. Unarudia. Miaka inapita. Ninamheshimu sana Hurskainen kwa subira hiyo, na papo hapo naona haya kidogo kwamba huku kwetu, penye wasemaji, idara zetu za Kiswahili zilikuwa zimeshughulika na kubishana kama shairi bila vina ni shairi.

Kenya yenyewe haikuanza kuzungumza na mashine kupitia akili unde (au akili mnemba, au akili bandia; watani wetu wa Tanzania na sisi hatujakubaliana, na gazeti hili limetumia zote tatu). Ilianza na arafa. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na kwa mara ya kwanza bibi wa kijijini alipata ujumbe uliotungwa na mashine ambao alikuwa na sababu nzuri ya kuusoma hadi mwisho. Mwanzoni mwa 2008, machafuko ya baada ya uchaguzi yakiwa yamepamba moto, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaanzisha Ushahidi, mtandao uliopokea taarifa za wananchi, arafa zikiwamo, na kuziweka kwenye ramani. Pale mpokezi alikuwa binadamu. Ni watu waliosoma, wakapiga simu kuhakikisha, wakaamua lipi liwekwe na lipi lisubiri. Kwa ujumbe wa aina ile, ningependa ibaki hivyo.

Mashine ziliachiwa zaidi mambo yenye majibu mafupi. UNICEF ilianzisha U-Report nchini Uganda mwaka wa 2011, vijana wakiulizwa maswali kwa arafa na kujibu bila malipo. Kampuni ya Nyaruka, iliyoanzia Kigali, ikatengeneza TextIt na kisha RapidPro, mifumo ambayo mtu asiye mwanaprogramu anaweza kuchora mazungumzo kama mto wenye vijito: akijibu hivi mpeleke huku, akijibu vile mpeleke kule. Kuna kitu kimoja katika mfumo huo kinachonifurahisha. Kipande kinachotafuta nambari ndani ya arafa kilifundishwa kwamba mtu aliyeandika herufi o huenda alikusudia sifuri, na aliyeandika l huenda alikusudia moja. Huyo aliyeliandika hilo alikuwa amezisoma arafa za watu kwa macho yake. Huwezi kulibuni ukiwa umekaa na kamusi. Nairobi nako, Africa's Talking iliyoanzishwa mwaka wa 2010 iliwapa wanaprogramu uwanja wa majaribio wenye simu ya kuigiza kwenye skrini, ili mtu aweze kuandikia mfumo wake arafa mia bila kununua hata kadi moja ya salio.

Lakini uwanja wa majaribio hutoa tu kile ulichouingizia. Mifumo mingi ya arafa ya miaka hiyo ilifunguliwa na neno la kwanza la ujumbe. Tangazo redioni linasema: tuma neno JIUNGA kwa nambari fulani. Kijana aliyeutengeneza mfumo anaujaribu kwa kuandika JIUNGA, unafunguka, anashangilia. Mama wa Butere anaandika: "Habari yenu. Naomba kujiunga kama inawezekana." Si amelelewa? Atamwendeaje mtu asiyemjua bila salamu? Mashine inaona HABARI, haijui, inamrudishia kwamba ujumbe wake si sahihi. Mama amekosolewa kwa kuwa na adabu. Jaribio la mstari mmoja, lenye salamu mbele na kitenzi kilichovishwa ku-, lingeligundua kosa hilo siku ya kwanza.

Majibu ya ndiyo na hapana nayo yanaonekana mepesi, na ndiyo yaliyojaa mitego. Mfumo unauliza: "Hujahudhuria kliniki mwezi huu?" Msemaji wa Kiswahili anajibu "Ndiyo", yaani ndiyo, ni kama usemavyo, sijahudhuria. Mwingine aliyepitia shule za Kiingereza anajibu "Hapana" akimaanisha jambo lilelile. Ndiyo na hapana zimekuwa jibu moja! Hapa hata ukiandika majaribio mia, mpokezi hataweza kupita yote, kwa sababu kosa liko kwenye swali. Liulizwe bila ukanushi. Halafu kuna jibu la tatu ambalo wabunifu wengi hawalifikirii kwa kuwa Kiingereza hakilihesabu kuwa jibu kamili: "Bado." Umejifungua? Bado. Umepata matokeo ya kipimo? Bado. Neno hilo moja linakanusha yaliyopita na kuahidi yajayo. Mpokezi anayejua ndiyo na hapana tu hulitupa nje, au mbaya zaidi, hulihesabu kuwa hapana na kumfuta mama kwenye orodha ya wajawazito.

Tuje kwenye saa. Arafa inasema: "Nitakuja kesho saa mbili." Sisi sote tunajua ni saa mbili asubuhi, na mashine iandike 08:00 katika daftari lake. Mtu huyohuyo kesho kutwa ataandika "nitafika 2pm", hapo sasa ni saa nane mchana. Mtu mmoja, simu moja, saa mbili za ukutani. Jaribio la kwanza na jaribio la pili lazima yakae pamoja, kwa maana fundi akirekebisha moja bila kulitazama jingine atamfanya mgonjwa afike kliniki saa sita kabla ya wakati au saa sita baadaye. Na mwezi je? "Niko mwezi wa tatu" inaweza kuwa Machi ikiwa mtu anaeleza tarehe, lakini kutoka kwa mja mzito ni umri wa mimba. "Sijaona mwezi" haihusu mawingu.

Hapo tumeingia katika lugha ya uzazi, na ndiko ambako mambo haya yamefika mbali zaidi hapa Kenya. Shirika la Jacaranda Health linaendesha huduma iitwayo PROMPTS, inayowatumia wajawazito na waliojifungua arafa za ushauri kwa Kiswahili na Kiingereza bila malipo, nao wanaweza kuuliza maswali. Maswali yakiwa mengi, mashine huyasoma kwanza na kuyapanga kwa uzito, ili yale ya hatari yamfikie binadamu mapema. Angalia basi kazi ya mpokezi huyo ni ipi. Hatakiwi kutibu. Anatakiwa kujua nani asisubiri kwenye foleni. Akimpeleka mbele asiyestahili, amempotezea mhudumu dakika chache. Akimwacha nyuma anayestahili, jambo linaweza kuishia mazikoni. Makosa hayo mawili hayana bei moja, na orodha ya majaribio inayoyahesabu sawa imeandikwa na mtu asiyefikiri.

Nitatunga mifano mwenyewe. "Mtoto hachezi tangu jana." Katika kamusi kucheza ni mchezo, ngoma au mpira. Kwa mama mwenye mimba ya miezi minane, kucheza ni mtoto kujisogeza tumboni, na asipocheza ni jambo la kukimbiza hospitalini. Mama huyohuyo, miaka miwili baadaye, ataandika sentensi hiyohiyo bila kubadilisha herufi, akimaanisha mtoto amejikunyata pembeni na hataki kucheza na wenzake. Nalo ni la kuangaliwa, lakini kwa njia nyingine. Hivyo jaribio haliwezi kuwa na sentensi peke yake. Lazima liambiwe pia mwulizaji yuko katika hatua gani. "Nimeshikwa na uchungu" si huzuni. "Naona damu" haimaanishi ameiona kwa jirani.

Na ile chupa. Tuseme fundi amegundua kosa, akamfundisha mpokezi kwamba chupa ni dharura. Anaendesha jaribio lake, linapita, anaenda nyumbani. Asubuhi mama mwingine anaandika: "Mtoto amekataa chupa." Huyu ana mtoto wa miezi sita anayesusia maziwa, na mashine inamwambia apande bodaboda usiku huohuo. Fundi anaondoa chupa kwenye orodha ya dharura, na yule wa kwanza anarudi kuwa hatarini. Ndiyo sababu majaribio ya zamani hayatupwi. Kila kosa lililowahi kutokea linageuzwa kuwa jaribio na kubaki pale milele, chupa ya uzazi pamoja na chupa ya maziwa, ili kurekebisha moja kusifufue jingine. Orodha ya majaribio ya mfumo wa miaka kumi ni kumbukumbu za aibu zake zote. Mimi kama mtu wa historia naona hazina pale: siku moja mtafiti wa Kiswahili ataomba orodha hizo kama tunavyoomba leo barua za wamishonari.

Mwaka wa 2023 Jacaranda walitoa UlizaLlama, modeli kubwa ya lugha iliyojengwa juu ya Llama 2 ya kampuni ya Meta, yenye vigezo bilioni 7, na kufunzwa Kiswahili zaidi. Kwa modeli za aina hii majaribio ya kale yamepata mtikisiko. ELIZA ukiiuliza jambo lilelile ungeweza kujua kanuni gani itajibu. Modeli hizi ukiziuliza mara tatu zinaweza kukupa majibu matatu, yote ya maana, kila moja kwa maneno yake. Utalinganishaje neno kwa neno na jibu lililotarajiwa? Huwezi. Unalazimika kuuliza sifa za jibu: Je, limemwambia aende hospitalini? Limemwambia aende sasa, au "ukipata nafasi"? Limetaja dawa ambayo hakupaswa kuitaja? Limejibu kwa Kiswahili au limeteleza likaingia Kiingereza? Wapo wanaoiweka modeli nyingine iwe msahihishaji wa ya kwanza. Hapo nashuka garini kidogo. Modeli mbili zilizosoma magazeti yaleyale zitakosea chupa kwa pamoja na kupeana alama za juu.

Jambo hili linanirudisha mwaka wa 1930, wakati Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi. Msingi ulikuwa umeshawekwa Mombasa mwaka wa 1928, ambako Kiunguja kilichaguliwa kuwa kipimo na Kimvita kikaachwa, mwenyeji akishindwa nyumbani kwake. Miongoni mwa kazi za Kamati ilikuwa kusoma miswada ya vitabu vya shule na kuipitisha au kuirudisha. Ukiniuliza, lile lilikuwa jaribio: ingizo ni mswada, jibu lililotarajiwa ni Kiswahili sanifu, matokeo ni kupita au kuanguka. Shaaban Robert na wenzake waliandika katika ulimwengu wenye kipimo hicho. Tumekishukuru na kukilalamikia tangu wakati huo. Anayeandika leo jibu lililotarajiwa la mpokezi wa arafa anafanya kazi ya Kamati, ila hakuteuliwa na yeyote, hana mikutano wala kumbukumbu, na huenda ana miaka 24. Akiamua kwamba "yuko na homa" hupita na "ako na homa" huanguka, amewasukuma pembeni nusu ya wasemaji wa Kakamega kwa kibonyezo kimoja.

Nami ni mwalimu wa sarufi, mnajua msimamo wangu kuhusu "ako". Darasani nitaukata kwa kalamu nyekundu hadi nistaafu. Lakini mama mwenye uchungu hayuko darasani kwangu. Mpokezi amwelewe anaposema "mtoi ako na joto sana sai", amwelewe anapoandika "nko" bila irabu, amwelewe anapochanganya Kiswahili, Kiingereza na Luluhya ndani ya sentensi ya maneno sita. Kuelewa ni kazi moja, kujibu kwa Kiswahili safi ni kazi nyingine, na kila moja iwe na majaribio yake.

Malighafi si kwamba haipo kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene walikusanya Kencorpus, hazina ya matini na sauti za Kiswahili, Kijaluo na Kiluhya, matini zikiwa na maneno yapatayo milioni 5.6. Kutokana nayo walitengeneza KenSwQuAD, mkusanyiko wa maswali na majibu ya Kiswahili 7,526. Maseno ni safari fupi tu kutoka hapa, ukipitia Luanda. Kwa upande wa Kiluhya walichukua Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu. Wasomaji wangu wa Isukha, Idakho, Butsotso na Wanga wameshahesabu na kuona kwamba lahaja zao hazimo. Silaumu; ni lazima mtu aanzie mahali, na fedha za utafiti zina mwisho. Nasema tu kwamba ukiwa na chatiboti itakayotumiwa hapa mjini, usiseme imejaribiwa kwa Kiluhya ukaishia hapo.

Linabaki suala la sheria. Njia rahisi ya kupata arafa halisi ni kuchukua zile ambazo wanawake wamekwisha kuzituma na kuzigeuza majaribio. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kulifuta jina la mtu si ulinzi wa kutosha katika kijiji ambacho kila mtu anajua nani ana pacha. Njia iliyo salama zaidi ni kuzitunga, na kuzitunga vizuri kunahitaji watu wanaojua jinsi watu wanavyoandika: wauguzi, wahudumu wa afya wa jamii, na naam, wanafunzi wa Kiswahili ambao kila siku huulizwa shahada yao ni ya kazi gani.

Muhula huu nimewapa wangu kazi hiyo. Kila mmoja alete arafa tano za kutunga pamoja na jibu analotarajia kutoka kwa mpokezi. Nyingi zilikwenda haraka. Moja ilituchukua kipindi kizima. Mama ameulizwa na mfumo mtoto anaendeleaje baada ya kupewa dawa, naye amejibu: "Ako tu." Nusu ya darasa walisema hiyo ni habari njema, mtoto hajambo. Nusu walisema hapana, mama anayejibu hivyo ana wasiwasi ila hataki kusumbua watu. Mmoja kutoka Malava akasema inategemea alivyoitamka, na arafa haina sauti. Tuliliandika jaribio lile hivyohivyo, na kwenye safu ya jibu lililotarajiwa tukaweka: apelekewe muuguzi, ampigie simu.